Koti Lililonukia Mgongoni

Muuza pafyumu wa soko la Nachingwea aliniambia mimi ni mtu wa limau. Aliniangalia kuanzia kilemba mpaka kandambili, akanisikiliza nikigombana na mwenye mkokoteni aliyenikanyaga mguu, kisha akanyanyua chupa yenye mafuta ya kijani na kusema hiyo ndiyo yangu. Alikuwa mwanamume wa kuja, mwenye Kiswahili cha Kariakoo na meza iliyojaa machupa makubwa. Mafuta aliyavuta kwa bomba la sindano na kuyapima kwenye vichupa vidogo. Alikuwa na elimu yake pia, au kitu alichokiita elimu: kila mtu ana harufu inayoendana na tabia yake. Mtu mkimya anapewa udi. Msichana mwenye haraka anapewa maua. Mtu mkali, mwenye mdomo, anapewa kitu cha kukata kama limau au mnanaa, ili watu wajue mapema wanakutana na nani.

Mimi nilikuwa nimeshanusa chupa nyingine. Ilikuwa na vanila na asali, na chini yake kitu cha moto, kama sukari inapoanza kuungua sufuriani. Ilikuwa harufu nzito, tamu, isiyo na haraka ya kwenda popote. Nikamwambia anipimie hiyo. Akacheka.

"Dada'ngu, hii ni ya akina mama wapole," akasema. "Wale wa kuongea taratibu, nyumba imetulia. Wewe itakukataa, nakwambia ukweli."

Nilimuuliza kama pafyumu zake zinauzwa kwa pesa au kwa cheti cha tabia njema. Waliokuwa karibu wakaangua kicheko, naye akapima huku bado anatikisa kichwa.

Mume wangu alikuwa ananisubiri nje ya soko, juu ya pikipiki. Nilimnyooshea mkono anuse. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ungeweza kula naye chakula kizima na usikie neno moja tu, nalo ni la kuomba chumvi. Alinusa, akanusa tena, akasema ndiyo mimi hiyo. Nikamsimulia alivyosema muuza pafyumu. Akajibu kwamba yule bwana hajawahi kuniona nikiwa nimelala.

Nieleze mapema kwamba muuza pafyumu hakusema uongo kuhusu hasira zangu. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Likunja, Ruangwa, na nimeolewa Nambambo, hapa Nachingwea. Katika pande zote mbili hakuna mtu ambaye hajawahi kupata maneno yangu. Mteja akija kulalamika kwamba gauni limebana, namwambia gauni halijanenepa. Mama yangu mzazi husema nilizaliwa nikiwa nimeshakasirikia jambo. Analisema kwa Kimwera, na kwa Kimwera neno hilo linasikika baya zaidi. Lakini sikuwahi kuona kwa nini mtu mwenye hasira anyimwe utamu. Kama kuna mtu anauhitaji, basi ni sisi. Mtu mpole hata akinukia sabuni ya mche watu watamsogelea.

Basi nikawa najipaka vanila yangu nyuma ya masikio, shingoni, na kwenye pindo la mtandio. Mume wangu alilima korosho, na msimu wa kupulizia alichukuliwa na watu kupuliza mikorosho yao kwa mashine. Alirudi nyumbani akinuka salfa, ile dawa ya mikorosho, mpaka kwenye nyusi. Watu walisema nyumba yetu imegawanyika: upande mmoja moto wa jehanamu, upande mwingine duka la keki. Tulicheka nao.

Alikuwa na koti. Lilikuwa la mtumba, zito, la rangi ya majani makavu, alilolinunua mnadani kwa ajili ya upepo wa pikipiki. Nilimbadilishia zipu na bitana kwa mkono wangu. Shambani hakwenda nalo, maana salfa ingeliharibu. Lilikuwa koti la safari. Na safari zetu kubwa zilikuwa za Ruangwa. Kila tulipopata nafasi tulifunga mlango tukaenda Likunja kumwona mama, na baadaye kumsalimia binti yetu aliyeingia bweni hukohuko Ruangwa. Njia ina vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Nilijifunga mtandio usoni, nikamkumbatia kwa nyuma, nikaulaza uso wangu kwa upande wa kushoto, shavu na sikio na shingo, kwenye mgongo wake, na huko ndiko nilikokaa mpaka tunafika. Hatukuweza kuongea kwa upepo. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile, na nilikuwa nimefumba macho njia nzima.

Alikufa msimu wa salfa. Alikwenda shambani asubuhi akiwa mzima, akarudishwa amebebwa, na jioni tukaambiwa hospitalini kwamba ni presha, kwamba huenda alikuwa nayo muda mrefu bila kujua. Sitasema zaidi ya hapo. Aliyefiwa anajua, na asiyefiwa haitamsaidia.

Nikaingia eda. Mama mkwe, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu katika ua mmoja, alikuja na sinia, akakusanya kila kitu chenye urembo na harufu: wanja, hereni, mafuta ya mgando yenye marashi, sabuni ya kuogea, na kichupa changu. Kila kimoja akakifungia kwenye sanduku lake la bati. Ufunguo akaufunga kwenye uzi, akauvaa shingoni. Akaniachia mche wa sabuni ya kufulia na shuka jeupe. Sikumbishia hata kidogo. Watu wanaonijua walishangaa, walidhani nitapigana. Lakini eda nilikuwa naikaa kwa ajili ya yule mtu, na kwa ajili yake ningekaa hata mwaka. Nilitaka kuwa bila harufu. Niliona ni haki dunia isinukie kitu.

Siku zangu zikawa za ndani. Nilishonea chumbani; wanawake waliniletea vitambaa, wakapimwa, wakaondoka wakinyata kama wametoka kumwona mgonjwa. Wanaume hawakuingia. Pazia likaning'inia mlangoni, na mtu wa kiume akiwa na neno nami, alilisemea nje ya pazia.

Baada ya arobaini nguo za marehemu ziligawanywa kama inavyofanyika kwetu. Mjomba wake, kaka wa mama mkwe, ndiye msemaji wa ukoo, na yeye ndiye aliyezigawa. Kanzu ilikwenda kwa huyu, viatu kwa yule, suruali kwa mpwa. Nguo za kufulika zilikuwa zimefuliwa. Koti, kwa uzito wake, lilikuwa limeanikwa juani tu, likakung'utwa, likapewa mdogo wake marehemu, shemeji yangu, kwa kuwa naye ni mtu wa pikipiki. Nilisikia kutoka ndani jina la mpokeaji likitajwa. Nilitaka kusema koti liachwe. Neno lilifika mdomoni nikalimeza, kwa kuwa mjane kung'ang'ania nguo huonekana anang'ang'ania mali.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo sidhani lingeweza kutokea kwa watu wasiogawana nguo za maiti. Shemeji alivaa koti. Mafuta yale ya kupima si maji. Yakiingia kwenye kitambaa kizito, jua halina la kuyafanya. Ndiyo kwanza yanalala. Shemeji akapanda pikipiki yake, akaenda na kurudi, mwili ukapata joto, koti likapata joto, na harufu yangu ikaamka mgongoni mwake. Yeye hakuisikia. Mwanamume aliyeshinda na petroli hasikii kitu. Aliyeisikia ni mkewe, alipopokea koti kulitundika.

Nimejaribu kumwelewa mke wa shemeji, na kwa sehemu nimeweza. Mumewe alikuwa anafika uani kwetu kila siku, kutuletea unga na kuni, kama inavyopasa. Minong'ono ya kurithi wajane haijaisha, hata kama watu wa siku hizi wanaikana. Mwanamke mwenye hofu ya kuletewa mke mwenza, siku mumewe anarudi ananukia mwanamke, na mwanamke huyo anamjua, maana Nambambo nzima ilijua vanila ile ni ya nani, angefanya nini? Angeweza kuniuliza, bila shaka. Hakuniuliza. Alikwenda kwa mama mkwe na kusema nimevunja eda, tena nimeivunja na mumewe.

Habari zilinifikia kwa mteja aliyekuja kuchukua sare ya mtoto. Hakunitazama machoni. Akaniambia watu wanasema nitarudishwa Likunja kabla eda haijaisha. Nikamuuliza kwa kosa gani, akaniambia, na sindano ikaniingia kidoleni kwa jinsi nilivyokanyaga cherehani.

Naomba ieleweke ni nini kilichokuwa mezani. Mjane akirudishwa kwao katikati ya eda, hakuna anayeuliza sababu mara ya pili. Ningeondoka na shuka langu jeupe, nikapita barabarani mchana, na kuanzia siku ile ningekuwa yule aliyeshindwa kumsubiri maiti. Binti yangu angesikia bwenini kutoka kwa wenzake. Na mume wangu, mtu niliyemlilia mpaka sauti ikakauka, angekuwa kaburini na jina la mtu aliyesalitiwa. Hilo la mwisho ndilo lililonipandisha hasira. Yale mengine yalinitia hofu.

Kikao kilikaa uani, alasiri, kwenye mikeka. Mjomba alikuwa katikati, mama mkwe pembeni yake, shemeji ameinama, mkewe amelishika koti mapajani. Mimi nilikuwa ndani nyuma ya pazia, nimekaa sakafuni, nawaona kupitia upenyo. Ndiyo hali ya mtu aliye edani: anazungumzwa, na mwenyewe haruhusiwi kutoka akajikalia mbele yao.

Mke wa shemeji alieleza. Shemeji aliapa kwamba hajawahi hata kuligusa pazia. Mjomba akamuuliza mama mkwe kichupa kiko wapi. Mama mkwe akauonyesha ufunguo shingoni, akasema kimo sandukuni, hakijatoka. Nikavuta pumzi. Lakini mke wa shemeji akasema chupa hizo zinapimwa sokoni kila siku, nani anajua kama sina nyingine? Niliona kabisa kwamba wanaanza kukubali. Mama mkwe mwenyewe alikuwa anatazama chini, na hakuongeza neno la kunitetea. Sijamsahau kwa hilo.

Nikasema kutoka ndani, "Mjomba, shikamoo. Naomba mlinuse hilo koti."

Mke wa shemeji akasema limeshanuswa, ndiyo maana tuko hapa.

"Linuseni kifuani kwanza," nikasema. "Halafu mikononi. Halafu mligeuze mlinuse mgongoni."

Mjomba akalipokea. Ni mzee wa ugoro. Pua yake imeshaonja mengi na kustaafu. Alinusa kifua, akanusa mikono, akanusa mgongo, akasema kote anasikia koti. Uani kukawa na mguno wa watu wanaojizuia kucheka, hata kwenye jambo lile. Akampa dada yake.

Mama mkwe akanusa kifua, akatikisa kichwa. Mikono, akatikisa kichwa. Akaligeuza, akaingiza uso kwenye mgongo wa lile koti, na hakuuinua. Tulingoja. Mabega yake yakaanza kutikisika kidogo. Nikakumbuka, kwa aibu ya kusahau, kwamba lile koti ni la mwanawe.

"Mgongoni," akasema hatimaye. "Mgongoni tu. Upande mmoja."

Nikasema, "Mwanamke anayemwibia mwenzake mume hamkumbatii kwa nyuma. Mgongo huo nimeulalia miaka, kwenye pikipiki, mkituona, tukienda Ruangwa na kurudi. Mnaponinusa mimi hapo, mnanusa ndoa yangu."

Shemeji aliinuka akaenda kusimama penye uzio, ametupa mgongo. Mkewe alikuwa analia, na sikujua analia kwa kujuta au kwa kuaibika, na wakati ule sikujali. Mjomba akasema kosa halipo, na asisikie mtu anatamka tena habari ya kurudishwa Likunja. Ningeweza kushukuru hapo, tukamaliza.

Lakini mjomba hakuwa amemaliza. Akasema, kwa sauti ya mtu anayegawa nyama sawasawa, kwamba koti lifuliwe ili neno liishe, na kwamba mimi nami nitoe neno langu: nikitoka eda, ile harufu niiache. Imeleta fitina. Akasema si harufu ya mjane, ni harufu ya mwanamke anayengojewa. Kuna manukato ya watu wazima, ya heshima, udi kidogo, maji ya waridi, mama mkwe atanichagulia. Nikamsikia yule muuza pafyumu ndani ya maneno yake. Nimeishi pande mbili, na kila mahali yupo mwanamume anayejua mimi napaswa kunukiaje.

Nikasema sitatoa neno hilo. Eda ina mwisho, na mwisho wake haukuwekwa na ukoo.

"Aliyekuwa anakunusa ameondoka, mwanangu," mjomba akasema, na nadhani alisema kwa huruma. "Sasa utamnukia nani?"

"Nina pua yangu, mjomba."

Akasema basi, kama ni hivyo, eda nitatoka mwenyewe. Nilielewa, na waliokuwa uani walielewa. Kwetu mjane anatolewa eda na wanawake wa upande wa mume. Wao ndio wanaomvua shuka, wanampaka mafuta na marashi kwa mikono yao, wanamtoa nje akiwa katikati yao, na ile mikono ndiyo ushahidi. Aliyetoka bila kupakwa, hata kama alisafishwa kikaoni, kijiji kitasema ukoo una siri yake. Walikuwa wananipa nichague: harufu yangu au mikono yao.

Koti lilifuliwa siku ya pili yake. Aliyelifua alikuwa mke wa shemeji, uani kwetu, kwa unga mwingi wa sabuni, akalisugua mgongo kwa brashi ya kufulia. Nilikaa kwenye cherehani nikisikia ile brashi. Nilikuwa nimewaomba kwa kupitia mtoto wa jirani wanirudishie, wakasema nguo ya marehemu ikishatoka haigeuki. Likaanikwa kwenye waya mbele ya dirisha langu, likachuruzika maji ya kahawia. Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi. Mazishini walinizuia watu. Siku ile sikuwa na mtu, na maji yalichuruzika mpaka jua likageuka.

Nilipomaliza kulia nilijua kwamba sitabadilika. Watu hudhani ukaidi ni kelele. Wangu ulikuwa umekaa kimya pale kwenye kiti cha cherehani, ukishona mikunjo ya sketi za shule. Nilifikiri sana kuhusu ile elimu ya sokoni, ya harufu na tabia. Niliona muuza pafyumu alikosea sehemu moja tu. Alidhani mtu mkali anataka kunukia ukali. Mtu mkali ana kazi ya kutosha. Akiwa peke yake chumbani, akiwa amemaliza kugombana na dunia, anataka kitu chenye joto kimkae shingoni kimwambie basi, pumzika. Wapole hawahitaji harufu ile. Ni harufu ya watu wanaopigana, na mume wangu aliliona hilo kwa kunusa mara mbili.

Korosho zilikuwa zimeanza kuanguka eda ilipoisha. Mama yangu alikuja kutoka Likunja alfajiri na mapema, na doti ya kanga mpya kwenye mfuko. Aliniogesha kama mtoto, akanimwagia maji ya ndoo nzima kichwani. Halafu akaanza. Alisema, kwa Kimwera na kwa sauti ya chini, niiache kwa siku hii moja. Siku moja tu, wanipake udi wao, watu waone mikono, na kesho nijipake ninachotaka mpaka nichuruzike. Nani atanizuia kesho?

Hilo lilikuwa shauri zuri, na lilinipa shida kuliko kikao. Nilikaa na taulo, maji yakinitoka, nikalitazama. Nikamwambia mama kwamba nikiiacha siku hii, nitakuwa nimekubali mbele ya wote kwamba harufu ilikuwa na kosa. Kesho haitafuta. Ile harufu ndiyo iliyonisafisha, nitaitupaje mlangoni? Mama akanitazama, akasema neno lake lilelile kuhusu siku niliyozaliwa, akanikausha nywele.

Mama mkwe aliingia bila kubisha hodi. Ufunguo haukuwa shingoni. Alikuwa amekishika kichupa changu ndani ya kiganja, amekifunika na pembe ya kanga yake, kana kwamba amebeba yai. Nikamwamkia, akaitikia. Akakiweka juu ya cherehani.

"Chako hicho," akasema. "Mimi kukupaka, hapana. Nimesema na kaka yangu. Neno lake ni neno."

Nikamwambia naelewa, mama, na sikumbembeleza.

"Watu watakuona umetoka mkavu."

"Sitatoka mkavu, mama."

Alisimama kidogo zaidi ya alivyohitaji. Akatoka, na pazia likabaki linacheza. Mama yangu alinyoosha mkono kukichukua kile kichupa anipake yeye, nikamzuia. Mikono ya mama yangu haina la kuthibitisha kwa watu wale, na sikutaka waje kumsema naye. Nilijipaka mwenyewe, nyuma ya masikio, shingoni, kwenye viganja, na kwenye pindo la kanga mpya. Sikupunguza. Baada ya miezi minne ya sabuni ya kufulia, harufu ilinipanda kichwani mpaka nikashika ukuta. Nikavaa, nikalisogeza pazia kwa mkono wangu.

Ua ulikuwa umejaa. Walikuja wote, hata waliosema hawatakuja. Hakuna anayekubali kuikosa siku ya namna ile. Wanawake walikuwa kwenye mikeka, wengine wamebeba ndoo zao za korosho wakijifanya wanapita. Nilitokea peke yangu. Nilisimama kwenye kizingiti kwa muda nikiyaacha macho yafanye kazi yake. Upepo ulikuwa unatoka nyuma yangu, nami sikuuomba, na niliona harufu inavyofika mkeka kwa mkeka, maana vichwa vilikuwa vinainuka kwa zamu.

Anayetoka eda husalimia watu wote waliokuja, kwa mkono, mmoja mmoja. Nikaanzia mkeka wa kwanza. Wengine walinipa ncha za vidole. Bibi mmoja alinivuta akaninusa shingoni waziwazi, akasema nimekonda. Wengine walisalimia kanga yangu badala ya uso. Nikaenda hivyohivyo mpaka mkeka wa mwisho, kwenye ukuta wa jiko, alikokaa mke wa shemeji.

Alisimama. Hakuwa na la kufanya. Wote walikuwa wanatazama. Akanipa mkono, nami nikauchukua kwa mikono yangu miwili, viganja vilivyolowa mafuta, na nikaona kwamba amebana pumzi. Midomo ilikuwa imefungwa, matundu ya pua yametulia, macho yamekodoka kidogo. Alikuwa amejipanga kunisalimia bila kuninusa.

Nikamwuliza habari za asubuhi. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwuliza habari za watoto. Kichwa. Nikamwuliza mdogo amepona kikohozi, nikamwuliza mama yake mzazi na mguu wake, nikamwuliza kuku, nikamwuliza korosho za mwaka huu zinaangukaje, nyingi au chache, na kama wameshapata magunia. Niliuliza kwa heshima, taratibu, kama wanavyouliza akina mama wapole. Mkono sikuuachia. Uso wake ulianza kuiva na mshipa ukamtoka shingoni.

Nikamwuliza habari za mumewe.

Akavuta pumzi, ndefu, kwa pua, mpaka mabega yakapanda.